Watoto Walioandikwa kwa Mama

Mliponiaga mlinipa saa ya ukutani, vitenge viwili na keki yenye sukari ya kumwua mtu wa umri wangu. Halafu Rehema akasimama akasema, "Mama, utuandikie ulivyofanya kazi, sisi wadogo tujifunze." Nilicheka, maana ninyi mnampeleka mtu Ulaya na kumrudisha kwa kubonyeza vitufe, na chai yenu bado haijapoa. Lakini nina wiki tatu sasa nyumbani Sekei, kuku nimewalisha mpaka wamenichoka, na mume wangu ameniomba kwa upole nitafute la kufanya. Kwa hiyo naandika.

Nianze na jambo ambalo hamlijui: mimi ni mwoga. Mlikuwa mkinisifu kwamba sipandishi sauti, hata siku ile ndege iliyojaa wateja wetu ilipogeuzia njiani. Ule haukuwa utulivu. Nilikuwa nimeogopa, na ninyi mkaona ni hekima. Nimeifanya kazi hii miaka yote nikiwa na hofu, na kuna safari moja iliyoifanya hofu hiyo ihamie kwangu moja kwa moja. Nitaifikia. Habari za vyeo na mishahara mkamwulize mhasibu.

Nilishuka mjini kutoka kwetu Poli, mlimani, nikiacha kahawa na migomba ya mama yangu, wakati wa ruksa, serikali ilipolegeza biashara. Maduka yaliyokuwa na rafu tupu yalijaa ghafla, na watu waliokuwa wakipanga foleni ya sabuni sasa walikuja kuuliza habari za Dubai. Ofisi yetu ilikuwa ghorofani, karibu na Mnara wa Saa: meza mbili, benchi la wateja, na simu moja ya kuzungusha iliyofungwa kwa kufuli dogo. Ufunguo wa kufuli ulifungwa kwenye pindo la kanga ya Bi Mwanaidi, na pindo hilo halikufunguliwa ovyo.

Bi Mwanaidi ndiye aliyenifundisha kila ninachokijua. Alikuwa mtu wa Tanga aliyeletwa Arusha na ndoa, ndoa ikaisha, yeye akabaki. Kiswahili changu cha mlimani kilimkera. Siku ya kwanza nilimwambia nimekuja kufanya kazi ya tiketi, akanitazama kuanzia viatu kwenda juu akasema, "Mwanangu, tiketi haifanywi. Tiketi huandikwa. Kaa."

Na kweli iliandikwa, kwa mkono. Kitabu cha tiketi kilikuwa na kurasa nyembamba zenye wino mwekundu nyuma, kwa hiyo ukikandamiza kalamu juu, maandishi yanatokea mpaka karatasi ya chini kabisa. Huwezi kufuta. Herufi moja ikikosewa, tiketi nzima imeharibika na lazima uieleze. Asubuhi ile ya kwanza niliharibu mbili, nilikandamiza hata kalamu ikatoboa karatasi. Vidole vyangu vilibaki vyekundu siku mbili, na kanisani Jumapili mama mmoja akaniuliza kama nachinja.

Zana zetu nyingine zilikuwa vitabu. Kulikuwa na kitabu cha ratiba za ndege, kizito kama tofali, na kingine cha treni za Ulaya ambacho Bi Mwanaidi alikipata kwa mteja Mzungu aliyekiacha. Hiki cha treni nilikipenda. Mchana kukiwa kimya nilikuwa nakaa nacho, napanda treni moja kwa kidole, nashuka, napanda nyingine. Sijawahi kufika Ulaya mpaka leo, lakini ningeweza kukuambia ubadilishe treni wapi.

Bi Mwanaidi alikuwa na amri zake, na hakuwa na tabia ya kuzieleza. Pasipoti isomwe yote, hata kurasa tupu. Jina la mteja litamkwe kwa sauti mbele yake kabla ya kuandikwa. Mtoto mdogo aandikwe kwenye pasipoti ya mama yake. Na familia isigawanywe ugenini. Nilipouliza sababu ya hiyo ya mwisho, alikuwa anakunja fotokopi, hakuinua hata kichwa. "Sababu utaikuta njiani," akasema. Mimi nikaona ni mambo ya watu wazima tu, nikaendelea na chai.

Mwaka wa nne au wa tano wangu pale, Bi Mwanaidi alifiwa na kaka yake akaenda Tanga. Akafungua pindo la kanga, akanipa ufunguo wa simu, akasema atarudi baada ya arobaini. Wiki ileile wakaja Baba Priska na Mama Priska.

Baba Priska alikuwa Mchaga wa Kibosho, mfanyabiashara wa vipuri, duka lake lilikuwa Daraja Mbili. Alianza na mitumba mara tu mipaka ilipolegea, akaenda Dubai mara mbili, akapata duka. Alikuwa mtu wa maneno machache na mikono mikubwa yenye grisi isiyotoka. Mke wake alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Mdogo wake Mama Priska alikuwa akisoma upadre Roma, na sasa anapewa upadrisho hukohuko, na familia imepata namna ya kwenda: baba, mama, Priska wa miaka kumi na mmoja, na mapacha, Deo na Dani, waliokuwa na miaka mitano.

"Tuna siku nane tu," akasema Mama Priska. "Mimi nina ruhusa ya wiki moja na siku moja. Tunataka Roma kwa upadrisho, Assisi, na Padua."

"Padua ndiyo ya lazima," akasema Baba Priska.

Nikamuuliza kuna nini Padua. Akawatazama wale mapacha, waliokuwa chini ya benchi wakigombania kifuniko cha kalamu.

"Hawa walizaliwa kabla ya wakati wao, dada. Wadogo hivi. Daktari alituambia tuchague jina la mmoja tu. Mimi pale kwenye korido nikamwambia Mtakatifu Antoni, wakipona wote wawili, nitawaleta kwako kwa mikono yangu mwenyewe. Kwa mikono yangu. Sasa wamepona, na mimi sijaenda."

Sisi Walutheri hatuna nadhiri kwa watakatifu, kwa hiyo nilitikisa kichwa kwa heshima na kuandika Padua. Hapo Priska, aliyekuwa amekaa kimya na mikono magotini kama alivyofundishwa, akanong'ona kwa mama yake. Mama akacheka. "Huyu amesoma shuleni kuna mji Italia barabara zake ni maji. Usimsikilize."

Lakini mimi nilimsikiliza. Nilikuwa na Glory nyumbani, miaka mitatu, na nilijua mtoto akiangalia chini namna ile anataka kitu kwa moyo wote. Isitoshe nilikuwa na kile kitabu cha treni. Siku nane, miji minne, watoto watatu. Nilisema nitaangalia.

Niliangalia siku mbili. Hesabu ilikataa. Padre mpya alikuwa ameandaliwa chakula Roma siku ya Jumanne, na dada yake hawezi kukosa. Wakisubiri chakula hicho wote pamoja, Jumatano inaishia kwenye treni, Alhamisi ni ya nadhiri Padua, na mji wa maji unatoka. Ndipo nikaona njia. Wote waende Assisi Jumapili jioni. Jumanne asubuhi Mama Priska na Priska warudi Roma kwenye chakula, na Baba Priska aende na mapacha Padua, akatimize nadhiri yake kwa mikono yake. Jumatano mama na binti wawafuate. Alhamisi wote Venice, Ijumaa Roma, ndege. Niliichora kwenye karatasi kubwa kwa rangi mbili, bluu ya baba na nyekundu ya mama. Nawaambia ukweli, nilijisikia mtu mwenye akili sana. Amri ya Bi Mwanaidi niliikumbuka. Nilijiambia yeye hana watoto wadogo wala hakiwezi kitabu cha treni.

Nyumba za kulala tulitafuta za masista, na barua zao alituandikia Mzee Renzo. Huyu alikuwa Mwitaliano aliyekuja zamani kujenga barabara, barabara ikaisha, yeye akabaki na shamba la ng'ombe karibu na Momela. Pasipoti ya Baba Priska ilikuwepo tangu safari za Dubai. Ya Mama Priska ilikuwa mpya, imetengenezwa kwa safari hii, na kwa kuwa ilikuwa inatengenezwa, watoto wote watatu wakaandikwa humo. Ndivyo ilivyokuwa kawaida, na ndiyo amri niliyoifuata bila kuwaza. Viza zikatoka. Siku ya Alhamisi wakaondoka Kilimanjaro wakiwa wamevaa makoti ya mitumba yanayowafika miguuni. Deo alinipungia mkono ambao hauonekani, umemezwa na koti.

Jumatatu asubuhi, kama saa nne, nilikaa kupanga faili lao. Fotokopi ya pasipoti ya baba upande huu, ya mama upande ule, ratiba yangu ya rangi mbili katikati. Nilisoma pasipoti ya baba mpaka kurasa tupu, kama nilivyofundishwa. Sehemu ya watoto ilikuwa tupu pia.

Niliisoma tena. Kisha nikaitazama ile mistari ya bluu. Baba na mapacha, Padua, usiku wa Jumanne peke yao. Mwanamume Mwafrika katika mji asioujua, na watoto wawili wadogo, na hakuna karatasi hata moja duniani mkononi mwake inayosema ni wake. Kule nyumba za wageni huandika karatasi za kila anayelala, mtoto kwa mkubwa. Nilijua, kwa sababu mimi mwenyewe ndiye niliyewatumia masista nambari za pasipoti. Watamuuliza za watoto. Atasema ziko kwa mama. Mama yuko wapi? Hayupo.

Tuliwahi kusikia ofisini habari za watoto waliochukuliwa na serikali za Ulaya wakalelewa na watu wengine, na sijui zilikuwa za kweli au za uongo, lakini asubuhi ile zote zilikuwa za kweli. Niliwaona Deo na Dani wamekaa kwenye kiti kirefu, miguu haifiki chini, wanaulizwa mambo kwa lugha wasiyoijua. Na aliyewakalisha pale ni mimi, kwa kalamu mbili.

Bado walikuwa Assisi wote. Nilikuwa na muda mpaka Jumanne asubuhi. Faksi haikuwa na umeme, ilikuwa siku ya mgao. Simu nilifungua kufuli nikaomba Italia, nikangoja saa nzima, nikampata sista. Akasema maneno mengi. Nikasema "passaporto" mara tano. Akasema maneno mengine mengi kwa sauti ya upole, akakata. Nikafunga ofisi mchana kweupe, jambo ambalo sijawahi kulifanya tena, nikamwomba jirani yetu wa duka la dawa anipeleke Momela kwa pikapu yake kumfuata Mzee Renzo.

Njia ile mnaijua kwa kupeleka watalii, mnasema ni nzuri. Mimi siku ile sikuona mlima wala ziwa. Karibu na msitu tukawakuta nyati wawili wamesimama katikati ya barabara, wanatafuna, wanatutazama. Jirani akazima gari. "Hawa hawapigiwi honi, Mama Glory," akasema. "Tungoje." Tukangoja. Mimi ninaogopa hata mbuzi mwenye pembe, lakini nilifungua mlango nikataka kushuka niwafukuze, akanishika gauni. Nilikuwa nalia na kuwatukana nyati kwa Kimeru. Walipomaliza shughuli zao wakaondoka kwa wakati wao.

Mzee Renzo tulimkuta kwenye josho la ng'ombe. Nikamweleza. Alikuwa na Kiswahili cha wajenzi wa barabara, kifupi na kikali. "Wewe nagawa familia?" akaniuliza. "Mama kule, baba huku? Kwa nini?" Akanawa mikono, akapanda pikapu na mabuti yake ya matope.

Tulifika ofisi ya simu saa kumi na nusu. Mzee Renzo akaingia kwenye kibanda, mimi nikasimama mlangoni namtazama mdomo. Alizungumza, akasikiliza, akazungumza kwa sauti kubwa zaidi. Akafunika simu kwa kiganja.

"Baba ametoka Assisi leo mchana," akasema. "Watoto nakuwa na mafua, ngazi nyingi, baridi. Yeye nasema heri awahi Padua wapumzike. Iko kwenye treni sasa hivi."

"Na mama?"

"Mama iko kanisani na binti."

"Mwambie sista amfuate kanisani! Mwambie mama aache chakula, aache kila kitu, aende Padua leo na pasipoti."

Akasema. Akasikiliza. Treni ya kuunganisha ilikuwa imekwisha. Ya kwanza ni alfajiri. Tukaomba Padua, tuwaeleze mapema. Mara tatu haikupatikana, na mara ya nne karani akaanza kufunga madirisha. Mzee Renzo akaniwekea mkono begani, mkono unaonuka dawa ya ng'ombe, akaniambia nirudi nyumbani.

Nilirudi nikamkumbatia Glory mpaka akanisukuma. Usiku ule sikuulala, na sitaueleza.

Jumanne asubuhi laini zilikuwa zimesongamana. Nilikaa nimeshika ile simu kama mtu anayeshika mkono wa mgonjwa. Wateja waliingia, nikawaambia rudini kesho. Saa sita Mzee Renzo, ambaye alikuwa amelala mjini, akaipata Padua. Alisikiliza muda mrefu, na mimi nikaacha kumtazama mdomo, nikatazama mabuti.

"Baba iko polisi," akasema. "Watoto nalala kwa masista, nyumba nyingine. Si pamoja."

Nikauliza kama watarudishiwa. Akasema aliyepokea simu hajui.

Kama saa nane mlango ukafunguliwa, akaingia Bi Mwanaidi na mkoba wake wa safari. Kaka yake alikuwa amesomewa arobaini, na basi lilimshusha stendi akaja moja kwa moja. Aliniona, akaona ratiba ya rangi mbili, akaona fotokopi mbili. Hakuhitaji kuelezwa. Alikaa kwenye benchi la wateja akavua viatu. Nilingoja anigombeze, nilitamani anigombeze.

"Bwana Tarimo atarudi Jumamosi," akasema mwishoni, akisoma jina kwenye fotokopi ya baba. "Utamwambia mwenyewe, au nimwambie mimi?"

"Kama watampa watoto wake," nikasema.

"Watampa. Utamwambia?"

Nikasema nitamwambia. Nilikuwa naogopa jibu langu kuliko nilivyowaogopa nyati.

Jumatano asubuhi simu ililia. Ilikuwa Mama Priska, sauti mbali kama iko kisimani. "Tuko wote," akasema. "Tuko wote watano. Mwambie Padre... hapana, usimwambie mtu. Tuko wote." Simu ikakatika. Nililia kwa sauti mpaka yule wa duka la dawa akapanda ngazi kuuliza nani amefariki.

Mngedhani hofu ilikwisha hapo. Ilibadilika tu. Siku zile nne za kungoja warudi nilijitungia kila namna ya kukwepa. Ningeweza kusema sheria za kule ni ngumu. Ningeweza kusema Baba Priska ndiye aliyetoka Assisi siku moja kabla ya ratiba, na ilikuwa kweli. Mwenyewe angeweza kuamini. Jambo lililonitisha ni jinsi maneno hayo yalivyonijia kwa urahisi.

Alikuja Jumatatu, peke yake na mapacha. Deo alishika mfuko wa kulia wa suruali ya baba yake, Dani wa kushoto, wakaja hivyo mpaka mezani, wanatembea kwa shida. Mwezi na nusu kabla walikuwa hawatulii hata dakika. Wakaniamkia, "Shikamoo," kwa pamoja, bila kuachia mifuko.

Nilisimama. Bi Mwanaidi alikuwa kwenye meza yake, ameshika kalamu juu ya tiketi, haandiki.

"Baba Priska," nikasema, "nilijua watoto wameandikwa kwa mama. Niliona kwa macho yangu. Nikawagawa hata hivyo. Kosa ni langu, si la mtu mwingine."

"Najua," akasema. Akakaa. "Nilikaa kwenye kiti cha polisi mpaka asubuhi, dada. Nilipata muda wa kufikiri."

Akanisimulia, polepole, anatazama mikono yake. Mapokezi walimwomba karatasi za watoto. Hakuwa nazo. Wakaja askari, vijana, wenye adabu, hilo alilisema mara mbili. Wakampata sista mmoja aliyewahi kufanya kazi Kenya, anaongea Kiswahili kidogo. Sista akawachukua mapacha pembeni akawauliza, huyu ni nani? Wakasema baba. Anaitwa nani? Wakasema, Baba Priska. Sista akafungua pasipoti yake. Hakuna Priska. Kuna Aloyce Tarimo. Akawauliza, Aloyce Tarimo mnamjua? Wakasema hapana.

Ninyi mnajua ilivyo kwetu. Mume wangu ni Baba Glory, mimi ni Mama Glory, na mtoto wa miaka mitano angelisikia wapi jina la baba yake? Nani katika nyumba ile angethubutu kulitaja? Jioni ileile nilimuuliza Glory baba yake anaitwa nani, akanicheka kwa swali la kijinga. Ndiyo maana tangu hapo kila mtoto aliyefika mezani kwangu nilimuuliza jina la baba na la mama. Mlidhani nawapenda watoto. Nawapenda, lakini sikuwa nacheza nao.

"Wakaniambia," akaendelea Baba Priska, "wakasema, una kitu gani cha kuonyesha kwamba hawa ni wako? Mimi niliapa kuwapeleka kwa mikono yangu. Sasa sikuwa na kitu kingine. Nikawaonyesha mikono."

Akaigeuza mikono juu ya meza, viganja juu.

"Walipowaondoa hawakulia," akasema. "Ningependa wangelia. Waliniangalia tu. Walidhani mimi ndiye nimewatoa wachukuliwe."

Mama Priska alifika Jumanne jioni na pasipoti yake, wakarudishiwa watoto. Hawakufika Venice. Kanisani Padua waliingia wote watano Jumatano, akawabeba mapacha mmoja kila mkono, akatimiza neno lake, halafu Mama Priska akasema watoto wanataka nyumbani.

Nilitaka kusema samahani, na neno lilionekana dogo mno, kwa hiyo sikulisema. Nalijutia mpaka leo. Yeye aliingiza mkono kwenye mfuko wa koti, akatoa pasipoti yake, akaiweka juu ya meza yangu na kuisukuma mbele.

"Waandike na kwangu," akasema.

Kazi hiyo ni ya Uhamiaji, sisi tulijaza fomu tu. Nikaitoa fomu. Bi Mwanaidi akainuka, akaja akaishikilia karatasi isiteleze. Nilikuwa bado sijaandika kitu wala sijauliza kitu, nimeinama natafuta mstari wa kuanzia, nikahisi mtu anavuta kona ya fomu. Alikuwa Deo. Alikuwa ameuachia mfuko kwa mkono mmoja, na macho yake yalinitazama kama mtu anayeomba asichukuliwe.

"Baba anaitwa Aloyce Tarimo," akasema haraka. "Mimi namjua."